Kibuyu Nilichokimwaga Getini

Jumapili, Nyakahura. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua yenyewe hainyeshi. Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa kinauma, na ni uongo.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilimpeleka baba Mwanza. Miguu imemvimba, hata kwenye basi tulimpandisha kwa kumbeba, lakini alishikilia twende. Zamani, kabla hatujahamia huku na ng'ombe, baba na mdogo wake walikuwa makuli pale gatini. Siku moja baba mdogo aliteleza na gunia la pamba mgongoni, akatumbukia kati ya meli na ukuta. Hakuonekana tena. Kaburi hana. Baba alitaka kummwagia kinywaji pale pale kabla na yeye hajamfuata, kama sisi Wasukuma tunavyowafanyia watu wetu: unga wa mtama uliokorogwa na maji. Aliukoroga mwenyewe, akautia kwenye kibuyu, akakikumbatia njia nzima.

Mimi ni mwanakwaya. Nilijiambia nasindikiza tu.

Jamani, gati halipo. Yaani lipo, ila limekuwa mahali pa starehe. Ghala la pamba sasa ni ukumbi wa harusi. Winchi imepakwa rangi ya njano, watu wanapiga nayo picha. Kuna mgahawa, kuna bembea, taa za rangi zinawaka mchana kweupe. Pamependeza, sitasema uongo mara mbili siku moja.

Getini mlinzi, kijana mwenye adabu zake, alimpa baba shikamoo, kisha akasema vyakula na vinywaji vya nje haviruhusiwi. Baba akaanza kumweleza habari za mdogo wake, taratibu, tangu mwanzo. Nyuma yetu maharusi na wapambe wao walikuwa wanasubiri kupita. Nikasikia mmoja anacheka. Aibu ikanipanda. Nikamnyang'anya baba kibuyu, nikamwaga kwenye mtaro.

Mimi mwenyewe. Mlinzi hakuniambia nimwage.

Tukaingia. Baba alihesabu hatua kutoka kwenye winchi, huku ameniegemea, akasimama penye bembea. Ziwa limesukumwa mbali, wamejaza kifusi na kuweka vigae. Akasema ni hapa. Nikakimbilia mgahawani, nikanunua maji ya chupa, nikampa amwage hayo.

"Maji, mayu?" Ndivyo anavyoniita, mayu, yaani mama. "Maji alishashiba."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tangu turudi hali chakula vizuri. Daktari wa zahanati amesema ni moyo, apumzike tu, habari za safari asahau. Kukoroga unga mwingine naweza hata sasa hivi, na kwaya wakinitoa wanitoe. Kumfikisha baba Mwanza tena siwezi. Nimemsihi ammwagie hapa nyumbani, akanijibu kwamba mdogo wake huku hapajui, alikufa hatujahamia.

Leo mchana kaniuliza tutarudi lini. Nikamwambia tukivuna. Alifurahi, akaomba kiti chake tukitoe nje, kielekee shambani. Yupo pale mpaka sasa hivi ninapoandika, anayatazama mahindi.

Yamefika magotini. Yakikauka nitamwambia nini?