Pikapu ya Nyuma

4 Februari

Dada, shikamoo.

Natumaini hamjambo wote hapo nyumbani, na magoti ya mama yamepata nafuu. Mimi mzima, ila chumba nilichopanga kina unyevu hadi shati halikauki.

Gitaa la baba limefika salama, asante kwa kulifunga vizuri. Jambo moja tu linanisumbua. Gitaa hili lina pikapu mbili, vile vidude vya sumaku chini ya nyuzi vinavyonasa sauti. Nikiwasha ya mbele peke yake, sauti nene, tamu. Ya nyuma peke yake, kali na safi. Nikiziwasha pamoja, badala ya sauti kujaa, inanyong'onyea kama mtu anayeimba huku kabanwa pua. Jana kwenye mazoezi mkuu wa bendi aliniuliza kama nimepiga gitaa au sufuria.

Tena skrubu za kifuniko zina mikwaruzo. Sisemi kitu. Nauliza tu: kabla halijanifikia, nani alilifungua?

Mdogo wako

20 Februari

Marahaba, mdogo wangu.

Sisi tunaendelea. Mama anatembea mpaka mlangoni na kurudi, halafu anatukaripia kana kwamba ni sisi tuliomchosha. Nilipomsomea barua yako na kufika kwenye pikapu, aliuliza umepata wapi fedha za kununua gari.

Gitaa lilikuwa juu ya kabati chumbani kwake. Nimemuuliza shemeji yako, maana ndiye fundi redio wetu. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mwambie azibadilishe nafasi nyaya mbili za ile ya nyuma. Pikapu moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, ndiyo maana zinauana." Nikamuuliza kama yeye ndiye aliyelifungua. Akasema, "Nyaya mbili tu, akishalehemu basi."

Umesema husemi kitu, lakini nimekusikia. Kama una neno, liseme.

Dada yako

9 Machi

Dada, shikamoo.

Habari za mama? Mimi afya ipo, usingizi ndio haupo.

Umetaka niseme, nasema. Shemeji hajaligusa gitaa tangu niletewe. Amejuaje kwamba kasoro iko kwenye ya nyuma?

Nimelifungua mwenyewe. Pikapu ya mbele ina waya wa shaba uliofifia kwa uzee, umelazwa sawasawa. Ya nyuma waya wake unang'aa, umezungushwa kwa mkono, hapa umevimba, pale umebonyea. Hicho si kitu cha kiwandani. Ile ya baba imetolewa, mahali pake pakawekwa kitu cha kubandika. Unajua vizuri jinsi vitu vya zamani vinavyotafutwa siku hizi, na nani ana meza iliyojaa vipuri visivyojulikana vimetoka wapi.

Nimemweleza baba mdogo. Amesema atapita hapo kuuliza. Tafadhali usimdokeze mumeo mapema, asije akapata nafasi ya kuhamisha vitu.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Tuko hai. Salamu nyingine sina.

Baba mdogo alikuja na wazee wawili. Walikaa sebuleni, wakamwita shemeji yako kutoka kazini, mbele ya mteja aliyeleta redio yake. Baba mdogo akamwambia, "Mkwe, tunataka kitu cha marehemu kaka yangu." Naye shemeji yako akawatazama mmoja mmoja. Akasema, "Muulizeni mama." Baba mdogo akajibu kwamba hawezi kumsumbua mjane kwa mambo ya wezi. Alilitamka neno hilo ndani ya nyumba yangu, nami nilikuwa nimeshika trei.

Unajua nilifanya nini? Sikumtetea. Alipotoka kwenda dukani kwake, nilipekua droo zote za meza yake ya hapa nyumbani, makopo yake, hata mifuko ya koti. Nilikuta nati, fyuzi na picha yangu ya zamani. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua kofia aliyoisahau, akaondoka.

Sasa analala kwenye kochi. Mimi nikisikia kitu kikigonga mezani kwake, nashtuka, nataka kujua ni nini. Sikuwa mtu wa namna hii.

Dada yako

2 Juni

Mdogo wangu,

Umenyamaza, nami nilingoja. Natumaini u mzima.

Shemeji yako amehama. Yuko kwa kaka yake. Aliaga kwa adabu, akabeba nguo tu. Mama alipoona siku zinapita bila kusikia kikohozi chake asubuhi, akanibana nimweleze. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, halafu akaniambia, "Mbona mimi sikuulizwa?"

Sikiliza basi. Baba alipopata kiharusi, wewe uliambiwa mkono umekufa ganzi kidogo. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa kabisa. Mchana, mimi nikiwa kazini, yeye na shemeji yako walikuwa wanapiga gitaa pamoja. Baba anabana nyuzi kwa mkono wa kushoto, mume wangu anazicharaza kwa wa kulia. Watu wawili, gitaa moja. Mama anasema siku za kwanza alitoka nje ili wasimwone akicheka, siku za baadaye alitoka ili wasimwone akilia.

Siku moja pikapu ya nyuma ikafa, waya wake umekatika ndani. Shemeji yako akaamua kuizungushia waya mpya kwa cherehani ya mama, ile ya mkono. Baba akakataa kukaa akitazama tu. Akahamia upande wa pili wa cherehani ili atumie mkono wake mzima, akazungusha kuelekea kwake. Ndivyo waya ulivyoingia kinyume. Mume wangu aligundua walipomaliza. Hakumwambia mgonjwa aanze upya. Na baba alimwapisha asimwambie mtu, hata sisi, kwamba hawezi tena kupiga peke yake.

Nimeenda kwa kaka yake. Nikamwambia mume wangu, "Nakuamini." Akaniuliza, "Tangu lini?"

Dada yako

15 Juni

Dada, shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu pia, kama bado anaipokea.

Ule waya uliovimba na kubonyea, niliucheka mbele ya bendi nzima. Kumbe nilikuwa nacheka mkono wa baba.

Nimempigia baba mdogo. Nimemwambia nilisema uongo bila kujua, aende kwa shemeji na wazee walewale. Ameguna, ila ameahidi kwenda.

Msomee shemeji barua hii. Shemeji, nilikuita mwizi na hukuwa mwizi. Sina cha kuongeza hapo. Nyaya sijazigusa, nami sitazigusa. Pikapu ikishanifia mikononi, hakuna mwingine nitakayemletea ila wewe.

Mdogo wako

3 Julai

Marahaba, mdogo wangu. Mama ameipokea.

Baba mdogo alikwenda, akaongea kwa shida. Juzi shemeji yako akaja kuchukua vifaa vyake. Nilimsomea barua yako akiwa amesimama, mkoba begani. Mama akamwita kutoka ndani, akasema kitasa cha chumba chake kimelegea.

Alitua mkoba, akakifunga kitasa, akakifungua, akakijaribu tena na tena, kitasa ambacho hakikuwa na ubovu wowote. Nikamwekea chai. Akainywa yote bila kunitazama, akaaga.

Mkoba ameuacha. Sijui amesahau au vipi. Nimefagia kuuzunguka.

Dada yako