Sekunde Sitini za Taa Nyekundu

Gounghin, Ouagadougou
Jumatano, 12 Machi

Kaka yangu Tasséré,

Asalaam alaykum. Barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Mariétou, pamoja na watoto, ambao naomba uwabusu mashavu yote mawili kwa niaba ya shangazi yao. Sisi huku hatujambo. Joto limeshaanza, kuku wanatembea midomo wazi, na vumbi limetufanya wote tuwe wa rangi moja. Mama hajambo. Mama hajambo sana, kaka, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Ni kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi. Mimi niko neno la kwanza, wewe umeshafika la tano na umeanza kufoka. Barua haikatizwi. Basi kaa kitako, wifi akutilie chai, na uniahidi hutanyanyuka mpaka ufike kwenye jina langu chini kabisa.

Mwezi wa kumi na moja kituo cha vijana hapa mtaani kilitangaza mafunzo ya kutengeneza filamu fupi kwa simu ya mkononi. Nilijiandikisha kwa sababu yalikuwa ya bure, na kibanda changu cha kutoa kopi huwa hakina mteja baada ya saa tisa. Mwalimu wetu, Madamu Edwige, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Wenzangu walikuja na hadithi za majambazi, za majini, na mmoja alikuwa na jambazi ambaye pia ni jini. Madamu aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akasema majambazi wapumzike kidogo. Alitaka kila mtu achague mahali hapa mjini anapopita kila siku bila kupaona, apatazame mpaka paanze kumtazama yeye, halafu alete filamu isiyozidi dakika sita. Fundi redio mmoja akachagua foleni ya bomba la maji. Dada wa saluni akachagua miguu ya wateja wake. Mimi nikachagua taa za barabarani zilizo mbele ya kibanda changu.

Unaijua ile njia panda. Taa ikiwaka nyekundu, pikipiki zinajaa kama nzige, zinangurumanguruma sekunde sitini (nilizihesabu), kisha zinaondoka zote kwa mpigo. Mimi ni mtembea kwa miguu, kaka, kwa amri yako, katika mji ambao hata muuza karanga ana pikipiki. Nimekuwa na miaka sita ya kuwatazama wenzangu wakipita.

Niliegesha simu dirishani, juu ya mashine ya kopi, kwa wiki tatu. Hujui watu wanavyokuwa ndani ya dakika moja wakidhani hakuna anayewaona. Kuna bwana wa tai aliyekuwa anajifunza kuomba msamaha. Alijaribu maneno, akatikisa kichwa, akarudia na uso wa huzuni zaidi. Kuna wanawake wawili wasiojuana, mmoja akamfunga mwenzake kitambaa cha mtoto mgongoni kilichokuwa kinalegea, taa ikageuka, wakaachana bila hata asante. Kuna kondoo wanne juu ya pikipiki moja, na wa mwisho alikuwa ananitazama mimi tu.

Tulizionyesha filamu zetu Jumapili moja alasiri katika ukumbi wa kituo. Mtaa mzima ulikuja. Madamu Edwige alikuwa ametuambia kwamba sinema nzuri huwanyamazisha watu. Kaka, yangu iliwafanya wasimame juu ya viti. Hakuna aliyetazama filamu. Kila mtu alikuwa anatafuta anaowajua.

Dakika ya kwanza haijaisha, akatokea Boukaré fundi cherehani, amesimama kwenye taa na kitumbua mdomoni. Sasa huyu Boukaré alikuwa amemwambia Mama Zénabo kwamba gauni lake halijawa tayari kwa sababu amekwenda Ouahigouya kumzika shangazi yake. Mama Zénabo akanyanyuka kutoka safu ya tatu.

“Boukaré! Kumbe shangazi alifufuka, na wewe ukala vitumbua vya kusherehekea?”

Boukaré, ambaye alikuwa ameketi karibu na mlango kwa bahati yake, akajibu kwamba ile ni filamu, na kwenye filamu watu huigiza. “Uliigiza na gauni langu begani?” akapigiwa kelele. Kweli, gauni lilikuwepo, limekunjwa begani, mashaallah rangi zilitoka vizuri. Mwenye kondoo naye akalalamika kwamba kondoo wake wameonyeshwa uso na yeye ameonyeshwa kisogo. Ukumbi ulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kama kuna ugomvi.

Nilidhani nimeharibu. Lakini nyuma kabisa walikuwa wameketi wageni watatu wa tamasha la filamu fupi la huko kwenu Abidjan, na wao walikuwa wanafuta machozi. Wameichagua. Itaonyeshwa Treichville tarehe nne mwezi ujao, nje, bure, mtaa wa pili kutoka dukani kwako. Namjua wifi Mariétou na neno bure. Mtakwenda. Kwa hiyo lazima nikwambie yaliyomo katika dakika ya nne kabla hujayaona kwa macho yako mbele za watu.

Katika dakika ya nne kuna mwanamke mtu mzima juu ya pikipiki ya buluu. Amekaa wima kama mkuu wa shule. Nyuma yake, amemshika kiuno kwa mikono miwili, macho kayafumba, midomo inachezacheza kwa dua, yuko Mzee Toé, jirani yetu, yule Msamo, mtani wetu sisi Wamossi. Taa inageuka kijani. Pikipiki inazima. Waliopo nyuma wanapiga honi. Yule mwanamke anageuka taratibu, anawaambia neno ambalo simu yangu haikulinasa, lakini honi zote zinanyamaza. Anapiga kiki mara moja, mbili, ya tatu inakubali, anaondoka.

Ni Mama, kaka.

Nilimwona mara ya kwanza nilipokuwa naunganisha vipande. Nilidhani macho yanadanganya, maana ilikuwa siku ya Jumanne, na Jumanne na Ijumaa Mama huenda kuchuliwa goti. Goti hilo, naapa, halina kitu. Ile dawa ya kuchua unayotuma kila mwezi anapakwa Mzee Toé, ambaye mgongo wake ndio umeumia kwa kumfundisha. Jioni ile nilimfuata Mama jikoni akisonga ugali wa mtama, nikamwekea simu mbele ya uso. Akatazama. Akaniambia nirudishe. Akatazama tena, mwiko umesimama hewani, akauliza, “Huyu mama mwenye mgongo ulionyooka ni nani?” Nikamwambia nitamkata, asiwe na wasiwasi, nitakata sekunde kumi na mbili na hakuna atakayejua. Akageuza ugali, kisha akasema, “Ukinikata, hamna kula humu ndani.”

Unajua kwa nini niliogopa. Baba alipogongwa na lori barabara ya Bobo, pikipiki ilirudi na mkwaruzo mmoja, Baba hakurudi. Ulisimama uani, wakati Mzee Toé, kwa utani wa msibani, amelala kwenye mkeka wa marehemu anadai kuku ndipo aondoke, watu wanacheka na kulia, ukasema hakuna mtu wa nyumba hii atakayepanda tena kitu hicho. Nilikuelewa. Bado nakuelewa.

Lakini utakapotazama vizuri utaona kiti kina kiraka cha kitenge cha maua, kile alichokishona Mama mwenyewe. Hiyo ni pikipiki ya Baba. Baada ya arobaini uliagiza ipelekwe mji wa Kaya kwa mjomba, nami nikakuandikia kwamba imefika na mjomba anashukuru. Haikuvuka hata barabara. Niliisukuma kwa mkono hadi ghalani kwa Mzee Toé, tukaifunika magunia. Mama hakunituma wala hakujua. Mimi ndiye niliyedanganya, na nimekudanganya miaka sita, kila Tabaski, Idi ya kuchinja, ukiniuliza habari za mjomba nilikuwa nakutungia. Sikuweza kuitoa, kaka. Mpini wake wa kulia umelika mahali pa kiganja chake. Nilikuwa naenda siku nyingine kuushika tu.

Mzee Toé alikuwa anaiwasha kila Ijumaa isigande. Ijumaa moja mwaka jana Mama akaisikia kupitia ukutani, akaijua kwa mlio. Hakuniuliza kitu. Alivuka kwake, akamwambia, “Wewe mla vichwa vya mbwa, umeniibia mume au pikipiki?” Naye akamjibu kwamba Mmossi hana cha kuibiwa zaidi ya punda, lakini kama anataka kujifunza, apande. Wakaanza siku hiyohiyo.

Nilimuuliza Mama kwa nini alijificha. Aliniambia kwamba wewe unataka kumhamishia Abidjan ili atunzwe, na anakushukuru, ila tangu Baba afe amekuwa mzigo wa kubebwa: sokoni abebwe, msibani abebwe, harusini asubiri atakayekumbuka kumrudisha. Na Saponé, kwenye kaburi la Baba, amekuwa akipelekwa mara moja kwa mwaka, anaambiwa mama fanya haraka, watu wana kazi. Mwezi uliopita alikwenda peke yake. Aliondoka alfajiri, akakaa naye mpaka adhuhuri, akarudi na mahindi ya kuchoma. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu nilipokuwa shule ya msingi.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Kosa la kudanganya ni langu, na nakuomba radhi kwa magoti yote mawili. Filamu sitaikata. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi. Mama mwache apite.

Mnisalimie wote wa Treichville, na wazee wa msikitini kwenu. Mzee Toé anasema wewe ni mtumwa wake na hujamtumia kokwa za kola za kutafuna mwaka mzima. Mama amesimama begani kwangu tangu ukurasa wa pili, ananiambia niandike hivi: kama unataka kumgombeza, usitumie simu, uje mwenyewe, siku yoyote, atakuja kukupokea stendi ya mabasi. Uje na begi dogo, na umshike vizuri kwenye kona.

Mdogo wako akupendaye,
Talato