Zamu ya Malisho

Jumatatu, 1 Julai 1912

Baridi. Upepo wa asubuhi unakata masikio, vumbi mpaka ndani ya uji. Nimeita majina, kazi yangu ya kila siku kama mnyapara wa darasa. Ndahani hayupo tena. Hii ni siku yake ya tano mwaka huu. Mwalimu Hemedi ametia alama kwenye daftari. Sheria ya shule ni siku kumi. Ikifika ya kumi jina linafutwa, na aliyefutwa hapokelewi tena. Benchi letu limekuwa refu mno kwa mtu mmoja. Nimekosa hata ile harufu yake ya moshi na maziwa ninayomtania nayo.

Jumatano, 3 Julai

Ndahani amerudi tangu jana, visigino vimepasuka. Kaka yake amekwenda kazi ya reli huko Tabora, kwa hiyo ng'ombe wamebaki juu yake. Malisho ya karibu yamekwisha, na visima vya mchangani vimeanza kukauka. Alinieleza yote hayo huku akifanya hesabu iliyotusumbua sisi siku tatu. Akaimaliza kabla sijakaa vizuri. Nilimwonea wivu, halafu nikaona haya. Anataka kuwa mpiga simu pale relini, na atafaa kuliko sisi wote. Akifutwa, hakuna simu.

Alhamisi, 4 Julai

Nimepata wazo! Lilinijia nikiwa nimebeba mtungi wa mama, nusura niuvunje.

Wagogo wa darasa letu ni watano, na kila mmoja anakosa shule kwa sababu ya ng'ombe wa kwao. Kwa nini wasichungwe pamoja? Kila siku wawili waende porini na mifugo ya nyumba zote tano, watatu wasome. Jioni waliosoma wawafundishe waliochunga. Na Mwalimu asiwahesabie kuwa hawakuja, mradi kila wiki wajibu maswali yake. Msimamizi wa yote, mimi.

Kichwa kimevimba mpaka kofia hainitoshi.

Jumapili, 7 Julai

Barua ya kumwomba Mwalimu nimeimaliza. Nimeiandika kwa karatasi nzuri ya dukani kwa baba, mistari yote kwa rula. Wenzangu wanne niliwauliza jana mmoja mmoja: zizi la kwenu lina ng'ombe wangapi, na kila mmoja ni wa nani? Wanawajua wote kwa rangi na pembe, wakanitajia bila kusita. Wa kwao Ndahani sikuhitaji kuuliza, mwaka mzima ananisimulia habari zao. Nikapanga yote kwenye jedwali: nyumba, idadi, mwenyewe. Chini nikaandika kwamba mkubwa wa zamu atakuwa Salum, yaani mimi.

Jedwali limependeza. Mama ameniuliza mbona nacheka peke yangu.

Jumatatu, 8 Julai

Mwalimu Hemedi ameisoma mara mbili. Yeye ni mtu wa Tanga, sifa hutoka kwake kwa shida. Leo amesema nimeandika kama karani. Ataipeleka bomani Jumamosi, maana jambo la namna hii linataka sahihi ya Bwana Mkubwa, Mdachi anayeshika boma.

Ndahani hayupo. Ya sita. Hajui ninachompangia. Natamani kumwona uso siku atakapoambiwa.

Jumatano, 10 Julai

Wote watano hawakuja. Jana walikuwepo wote, tena wazima kabisa. Ndahani ametimiza saba. Mwalimu aliangalia mabenchi matupu, kisha akaniangalia mimi. Sijui nimefanya nini.

Alhamisi, 11 Julai

Nimetoka darasani nikaenda moja kwa moja kwao Ndahani, upande wa Kizota. Mzee Lechipya, baba yake, siku zote hunipa maziwa mgando kabla sijaketi. Leo hakunipa hata kigoda. Nilimwamkia kwa Kigogo, mbukwa, akaitika. Nikasimama kama mwizi. Halafu akasema, "Wewe unaandika ng'ombe za watu." Akaingia ndani ya tembe, nyumba yao ya udongo.

Ndahani ndiye aliyenieleza, taratibu, kama anavyonieleza hesabu. Kwao mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Baadhi huwapeleka kwa marafiki wawatunze na kunywa maziwa yao. Ukame au maradhi yakija, hawafi wote. Na wala hakuna anayejua hasa nani ana wangapi. Hilo haliulizwi, hata ndugu haulizi. Mimi nimeliuliza, nimeliandika, nimelipigia rula, na Jumamosi linakwenda bomani wakalisome wale wale wanaokusanya kodi. Ng'ombe wa Mzee walioko kwa rafiki yake wamo kwenye jedwali langu, kwa jina lake. Wenzangu wanne waliwasimulia kwao, na wazee wamekubaliana hakuna mtoto atakayerudi shule.

Nimezaliwa hapa hapa. Nimekula kwao mara ngapi? Na sikulijua hilo. Ndahani hakunigombeza. Ingekuwa afadhali anigombeze.

Ijumaa, 12 Julai

Ndahani ametimiza tisa. Baada ya sala nilimfuata Mwalimu Hemedi nyumbani kwake, nikamwomba barua. Alikasirika. Akasema karatasi ikishapokelewa ni ya shule, na mnyapara hageuzi maneno kama mtoto. Nilimwambia kila kitu, hata la kujipa ukubwa. Alikunywa kahawa yake mpaka tone la mwisho. Kisha akaitoa chini ya mto.

"Ningeipeleka kesho asubuhi," alisema. Akanisukumia haraka, akachungulia mlangoni. Nadhani naye aliogopa.

Nimelia njiani. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma humu.

Jumamosi, 13 Julai

Asubuhi nilikwenda na barua yangu. Wazee wa nyumba zote tano walikuwa wameketi ukutani mwa tembe, upande wa jua. Mzee Lechipya hajui kusoma. Alimpa Ndahani aitazame kama ndiyo yenyewe. Ndahani alisoma kwa macho tu, akatikisa kichwa kukubali, akamrudishia. Mzee akaitia motoni chini ya chungu. Mwandiko wangu mzuri uliungua upesi kama mwandiko mwingine wowote.

Nikafungua mdomo kueleza wazo langu upya. Mzee aliinua mkono. Akamwelekezea Ndahani kidevu.

Ndahani alisema kwa Kigogo, polepole, muda mrefu. Hakutaja ng'ombe hata mmoja. Alitaja watu: nani atachunga na nani, siku gani, nani atamfundisha nani. Jambo lilikuwa lile lile langu, lakini kinywani mwake likawa la kwao. Wazee wakaanza kuitikia. Nilimwonea fahari.

Halafu Mzee akanigeukia.

"Na wewe Salum, siku yako ya kuchunga ni ipi?"

Sikuwa nayo. Katika mpango wangu wote sikujiwekea hata siku moja. Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Shauri likakatwa hapo hapo: mkubwa wa zamu ni Ndahani, na mimi nachunga siku mbili kwa wiki kama wengine. Sasa tuko sita, wawili wawili. Wazee watachunga wenyewe mpaka Ijumaa. Barua mpya, isiyotaja ng'ombe, itakwenda bomani; kukiwa kimya mpaka siku hiyo, watoto wanarudi kwa ng'ombe.

Nimekubali. Inauma kidogo. Si kidogo sana.

Nilipewa maziwa.

Jumatatu, 15 Julai

Wote watano wamerudi. Barua mpya ina mistari minane. Ina majina, siku, na ombi kwamba anayechunga asihesabiwe kuwa hakuja. Ameiandika Ndahani mwenyewe. Mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye unga. Niliikalia mikono yangu nisije nikamnyang'anya kalamu. Mwalimu ameipeleka leo leo.

Jumatano, 17 Julai

Hakuna jibu. Bwana Mkubwa yuko safarini Mpwapwa, hakuna anayejua atarudi lini. Zimebaki siku mbili Ijumaa ifike. Nimemwambia Ndahani kwamba yeye akifutwa mimi nitarudisha unyapara. Akaniambia niache upuuzi, nimsaidie kutafuta kalamu yake ya kibao. Ilikuwa sikioni mwake.

Alhamisi, 18 Julai

Bwana Mkubwa amerudi jana jioni. Leo saa nne tarishi alikuja kumwita Mwalimu pamoja na mkubwa wa zamu. Mguu wangu ulikwisha kunyanyuka, kwa mazoea. Nikaurudisha. Shati la Ndahani lilikuwa limechanika begani, tukabadilishana nyuma ya mlango. Langu lilimbana. Nikamfunga vifungo mwenyewe.

Tulingoja kibarazani, mimi na wenzangu wanne, hakuna aliyeweza kufanya mzaha.

Mwalimu ndiye aliyetusimulia waliporudi. Bwana Mkubwa aliuliza ng'ombe wakipotea nani atajibu. Ndahani akasema yeye. Wakishindwa mtihani, nani atajibu? Yeye pia. Akaulizwa haogopi. Akasema anaogopa. Bwana Mkubwa akatia sahihi: ruhusa mpaka mvua za kwanza.

Nilimkumbatia Ndahani mbele ya darasa zima. Shati likapasuka. Mama atasema na mimi.

Jumatatu, 22 Julai

Zamu ya kwanza. Mkubwa wa zamu ameniweka mimi, pamoja na Chibago, mdogo wetu kwa umri lakini porini yeye ndiye mzee wangu. Tumetoka jua linachomoza. Miiba. Ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyopinda hanipendi kabisa. Mtoni tulifukua mchanga mpaka kifuani ndipo maji yakaja, machafu kidogo, tukawanywesha kwa zamu. Chibago alinifundisha kupiga mluzi wao. Ng'ombe walinitazama tu.

Alasiri Ndahani alikuja kwa miguu kutoka shule na kibao chini ya kwapa. Tuliketi mchangani, akatufundisha somo zima la leo, hesabu za mafungu. Nilikosa mbili. Hakuniacha. Alifuta, akaandika tena, akafuta, akaandika tena, mpaka nikapata. Ni mkali kuliko Mwalimu Hemedi. Nampenda huyu mtu.

Nimerudi nyumbani, miguu haitaki hata kuguswa na maji. Kesho yeye ndiye anachunga, na anayemfundisha ni mimi. Lazima nisikilize vizuri darasani.