Ufunguo wa Masjala

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila goti ndilo lile lile, linatabiri mvua kuliko redio.

Sina habari nzuri. Ile programu mliyoitengeneza kazini kwenu, niliyomsumbua mkuu wa kliniki mpaka akaikubali, imeingiliwa na wezi. Majina ya wagonjwa na magonjwa yao yamezagaa kwenye simu za watu. Yule mshonaji jirani yetu, aliyekushonea sare za shule, ugonjwa wake umesomwa sokoni kwa sauti. Amefunga duka, hatoki nje.

Sasa wanasema mimi karani ndiye niliyegawa neno la siri. Miaka ishirini na sita masjala, sijawahi kuacha faili hata moja juu ya meza! Wamenipokonya ufunguo, nangoja kikao cha nidhamu. Niambie wewe uliye fundi: mtu anaweza kuingia bila neno langu?

Mama yako

11 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, na pole zaidi na hayo mengine. Mimi mzima, kazi tele.

Mama, ni vigumu kusema. Hakuna programu isiyo na kasoro. Halafu siku ya kwanza kliniki ilibonyeza "Nakubali", na humo imeandikwa kwamba mtengenezaji hawajibiki kwa lolote litakalotokea. Kampuni nyingi hufanya hivyo. Kuna muswada bungeni wa kutaka tuwajibike kisheria, lakini ukipita, kampuni ndogo kama yetu zitafungwa. Nimeteuliwa nikaseme hivyo mbele ya kamati.

Kwenye kikao wewe sema hujui.

Mwanao

15 Machi

Wewe mtoto,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani imeandikwa na wakili. Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana, wewe unanijibu bunge!

Marehemu baba yako alitengeneza milango. Mlango ukipinda, mwenye nyumba alimwita, naye alikwenda na randa yake hata Jumapili. Hakumwonyesha mtu karatasi. Na hiyo "Nakubali" niliibonyeza mimi, kwa sababu bila hiyo programu haifunguki. Sikukubali mshonaji aaibishwe.

Kikao ni tarehe nne mwezi ujao. Kama huna jibu, usiniandikie.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nikisema mimi mzima nitakuwa nakudanganya tena.

Jibu ni ndiyo. Wakati wa majaribio niliweka neno la siri la mafundi, moja kwa kliniki zote, ili nisihangaike kuomba ruhusa kila mara. Lilipaswa kufutwa kabla ya kuwakabidhi. Nilimkumbusha bosi, akasema tutalifuta baadaye, wateja wanangoja. Nikanyamaza. Ni mimi, mama. Niliona aibu nikajificha nyuma ya sheria.

Jana kwenye kamati niliiweka kando hotuba ya kampuni, nikasema haya haya. Mbunge mmoja akauliza, je, kampuni ndogo hazitakufa? Nikamwambia huenda baadhi zitakufa, sijui. Ninachojua, sheria hiyo ingekuwepo, bosi asingesema baadaye, wala mimi nisingenyamaza.

Leo asubuhi nimekuta vitu vyangu vimefungashwa kwenye boksi. Nakala ya maelezo yangu imo humu, naituma na basi la kwanza. Mpe mkuu wa kliniki kabla ya kikao.

Mwanao

9 Aprili

Kitindamimba,

Barua iliwahi. Goti nalo limetulia, sijui lilikuwa linangoja nini.

Mkuu wa kliniki alisoma, akasoma tena, akanirudishia ufunguo mbele ya kikao kizima. Pole hakusema. Muswada bado wanaubishania redioni.

Nilikasirika nawe sana, na hasira bado haijaisha. Lakini siku ile ya kamati ningekuwepo, ningepiga kigelegele.

Nakala niliipeleka pia kwa mshonaji. Aliipokea dirishani, akaisoma yote, akanirudishia. Akasema, "Huyu amewaambia wabunge. Mimi je?"

Njoo nyumbani, chumba chako nimeshakifagia. Kwa mshonaji nitakusindikiza mpaka mlangoni. Hodi utapiga mwenyewe.

Mama yako