Nyama ya Kukaanga ya Safari ya Vienna

Baba Radka,

Umerudi kulala, sikuamshi. Tiketi za treni ya kesho ya Vienna ziko chini ya bakuli la sukari. Radka avae viatu vya zamani, vile vipya vitamchubua.

Asubuhi umenicheka mbele ya mtoto: “We Mama Radka, nani anabeba nyama ya kukaanga kwenda Vienna, inakouzwa kila kona? Watu wa Brno tutachekwa!” Imeniuma. Mama yako alitufungia hiyo hiyo safari zote, na ulikula.

~~Kesho ujinunulie yako.~~ Basi, tutakula wote kwenye benchi, tukilitazama jumba la mfalme.

Nunua matango ya siki. Halafu vua hilo shati la kulalia nilifue: lina haradali kifuani, na kwenye friji vipande viwili vya ile nyama havimo.

Mkeo, mshamba wa Brno