Kambale Bila Paluku

Jumatatu, 6 janvier 2003
Natimiza miaka makumi ine na nane leo! Muke wangu Marie-Jeanne amepika kuku. Nikaweka kaseti ya rumba, nikaanza kulilia ujana: Beni, mwaka wa sabini na nane, mi na pantalo ya miguu mipana, yeye na aibu yake. Aibu! Beni muzima haikukuwa na binti wa aibu vile.

Jirani Lusenge akaleta muchezo wake ule ule: Melchior, Paluku wako alipotelea wapi? Sababu ku kabila yetu ya Banande, kijana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili Kambale. Na wa kwanza wetu – Kambale! Mama mukwe alikatala jina lingine. Eti babu alimutokea mu ndoto. Tangu siku ile mutaa yetu yote ya Mususa inahesabu watoto wa Marie-Jeanne, mi peke yangu naamini ndoto. Bravo, Melchior.

Alhamisi, 9 janvier
Vita ya Mambasa imejaza Beni wakimbizi. Marie-Jeanne iko tu ku radio, kula hapana. Anataka kwenda Beni, na barrière zote zile za askari mu njia! Eti kupelekea maskini nguo. Kumbe nilioa mutakatifu.

Jumamosi, 11 janvier
Amerudi. Na maskini moja, mutu mukubwa, mwenye pua ya Marie-Jeanne. Nikamuuliza jina.

– Paluku, papa.

Lusenge alikuwa ku mulango. Akavua kofia, akarudi kwake.

Marie-Jeanne ameeleza yote. Alimuzaa kabla ya kunijua, akamwacha kwa shangazi yake, kule Mambasa. Aliogopa sitamuoa. Ningemuoa? Hapana. Anajua, nami najua. Lakini naumia, ee Mungu! Miaka yote alimulilia mutoto wake kando yangu, na mi nakoroma.

Jumapili, 12 janvier
Padiri amehubiri masamaha. Nani alimupasha habari?

Chakula ku meza. Nikakatala kunawa, nikajifungia ku chumba na kalamu, kama mutoto. Nasikia maji. Kambale anamumwangia mugeni maji ku mikono: Nawa, yaya. Yaya, ndugu mukubwa! Hakuna mutu alimufundisha. Mama yao analia.

Sasa Kambale anabisha mulango. Papa, bugali inapoa, hatuwezi kula kabla yako. Na yaya hajala tangu Beni.

Anabisha tena. Naweka kalamu chini.