Sakafu ya Gari la Mikate

Dada yangu mpendwa,

Kwanza nakuomba ukae chini. Najua tabia yako ya kusoma barua umesimama jikoni, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye sufuria, na hii haitaki kusomwa hivyo. Haya, umekaa? Hujambo wewe, shemeji hajambo, na wapwa zangu wote wazima? Yule wa mwisho meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka kama kizee? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na kila asubuhi anabishana na mtangazaji wa redio, ambaye hana habari kwamba ameshashindwa.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu ukianza tu kuniuliza maswali mimi hupata kigugumizi, na maswali hujaacha kuniuliza tangu nilipokuwa darasa la kwanza. Kwenye karatasi utanisikiliza hadi mwisho.

Habari kubwa ni kwamba tunakuja huko. Mimi na mama, kwa gari letu wenyewe. Najua tangu alipovunjika nyonga, miaka miwili iliyopita, ninyi wawili mmekuwa mkiongea kwa kupimiana maneno: hajambo, sijambo, haya, kwa heri. Mimi hukaa pembeni nikimsikia mama akiirudisha simu mezani polepole, na huwa naumia, kwa sababu nitakayoieleza. Ndiyo maana nataka mwonane ana kwa ana. Ila mama hawezi kukaa kitako zaidi ya saa moja bila kujinyoosha, na daktari alishasema basi la safari ya siku mbili kwake ni marufuku.

Basi niliposikia kwamba yule bwana wa kiwanda cha mikate, ambaye namshonea aproni za wafanyakazi wake tangu nikiwa na cherehani ya mkono, anataka kuliondoa gari lake la zamani la kusambazia mikate, nilimfuata siku hiyohiyo. Nikamweleza kwamba nataka kuligeuza liwe chumba chenye kitanda, ili mama asafiri amelala. Akasema nilichukue, na kwamba nitaendelea kumshonea aproni hadi mmoja wetu azeeke. Sijui niseme nini juu ya mtu yule. Kila nikipita getini kwake namwombea.

Kitanda na kabati vinaweza kusubiri, lakini vyote husimama juu ya sakafu, kwa hiyo nilianzia hapo. Nilipong'oa mpira wa zamani nilikuta makombo ya mikate ya miaka kumi, na chini ya makombo, kutu. Nilisugua bati kwa brashi ya waya siku mbili nzima, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikatoka humo mwekundu hadi kwenye kope. Mama aliniuliza kama nimeamua kujipaka hina.

Hapo nikavimba kichwa. Nilijiona fundi. Nikasema, mtu anayeweza kukata suti ya mtu mwenye kitambi na bega moja lililoshuka hawezi kushindwa na sakafu ya gari. Nikabandika magazeti ndani ya gari, nikayakata kufuata kila pembe na zile nundu mbili zinazofunika magurudumu ya nyuma, nikapata kielelezo safi kama cha gauni. Nikakipeleka kwa seremala wa mtaa wa nyuma. Huyu humjui, alihamia hapa ulipokuwa umeshaolewa. Watu humwita Pimamaji, kwa sababu kile kifaa cha kupimia usawa hakimtoki mfukoni. Hata meza ya chai huipima kabla hajaweka kikombe. Alinikatia plaiwudi kama nilivyochora, tukaibeba, tukaisukuma ndani. Ikakwama. Tukaisukuma kwa mabega, ikakwama zaidi. Pimamaji akapima gari, akapima ubao, akaniuliza hii sentimita moja na nusu iliyozidi kila upande imetoka wapi. Nikamjibu, bila hata kufikiri, kwamba ni nafasi ya mshono.

Dada, yule mzee aliweka msumeno chini, akatoka nje kwenda kucheka. Kila akirudi ananiona, anatoka tena. Sasa mafundi wote wa mtaa ule hunisalimia kwa kuniuliza kama nimeshaupinda ule ubao wangu kwa sindano au kwa mashine. Hayo yote ni halali yangu.

Lakini alipomaliza kucheka, hakuniacha. Alipunguza ubao mwenyewe, kisha akaniambia tuutoe kwanza, maana ubao hauwekwi juu ya bati tupu ukakaa salama. Tukagandisha papi, vile vipande vyembamba vya mbao, kwenye mabonde ya bati, tukajaza povu gumu katikati ili joto la barabara lisipande, ndipo tukarudisha plaiwudi, tukaikaza kwa skrubu fupi. Aliniwekea masharti kuhusu urefu wa skrubu utadhani ni mambo ya ndoa, kwa kuwa chini ya bati lile limepita bomba la breki. Hata skrubu moja hakukubali niikaze kabla hajaipima. Nakwambia kuna watu wamezaliwa ili wengine wapate kufika salama.

Ikabaki kapeti ya plastiki ya juu, na hapo ndipo nilipomsumbua. Aliniletea vipande sita. Kila kipande nilikimwagia maji ya sabuni, nikakikanyaga peku, nikakikanyaga na soksi, nikakikanyaga na kandambili za mama zilizolika kisigino. Vitano nilivikataa. Kile cha sita kina vipele vidogo na rangi ya majivu, hakivutii hata kidogo, lakini niliruka juu yake kikiwa kimelowa na hakikunitupa. Pimamaji aliniuliza mara moja tu kwa nini nina ugomvi na maji ya sabuni. Nikaendelea kukanyaga. Hakuuliza tena. Siku ya pili alikuja na kopo la sabuni kutoka kwake, akasema yangu ni nyepesi, haitoi majibu ya kuaminika.

Jumapili iliyopita tulimaliza. Tukaziba kingo zote, tukafunga mshikio mlangoni, nikamleta mama. Alivua viatu mwenyewe. Akapanda ngazi, akasimama, akasugua unyayo wake kwenye vile vipele, halafu akaniachia mkongojo mkononi, akatembea kutoka mlangoni hadi pale kitanda kitakapokaa. Hatua tano, dada. Nilihesabu. Miaka miwili sikuwa nimemwona akitembea bila kutazama chini. Pimamaji alijifanya anatafuta kitu kwenye boksi la vifaa, na mimi machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa.

Alipoondoka fundi, tulibaki mimi na mama tumekaa juu ya sakafu ile, mlango wazi. Ndipo nikamwambia jambo ambalo sasa nakuambia wewe.

Siku ile mama alipoanguka, si yeye aliyemwaga maji. Mimi ndiye niliyekuwa napiga deki kwenye korido. Nilikuwa nimemwaga maji ya sabuni kutoka jikoni hadi mlango wa chumba chake, mara mteja akaniita getini kuuliza gauni lake. Nikaiacha ndoo, nikatoka. Nikasimama naye nusu saa nzima, tunacheka, hata sikumbuki tulicheka nini. Niliposikia kishindo nilijua kabla sijafika. Hospitali nesi alipouliza ilikuwaje, mama akajibu kwamba alibeba ndoo mwenyewe, maji yakamwagika. Nilikuwa nimesimama pale pale, na sikumsahihisha. Nilidhani labda kichwa kimeumia pia, hakumbuki. Kisha ukapiga simu wewe, ukamgombeza kwa ukaidi wake, ukamwambia umechoka kumwonya asibebe ndoo, ukalia ukakata. Mama aliirudisha simu mezani polepole. Nikanyamaza tena. Nimenyamaza miaka miwili, kwa sababu wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka kwa fundi cherehani wangu wa kwanza pale shule iliponishinda, na niliogopa kuona uso wako ukibadilika kwangu.

Nilimwambia mama yote hayo huku natazama kapeti. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwamba yeye hakuwa kipofu: ndoo aliiona, na sauti yangu getini aliisikia. Alisema hospitalini alinitazama usoni akaona kwamba nikiulizwa mimi nitavunjika vibaya kuliko yeye, na mifupa miwili kwa siku moja ni mingi. Alingoja niseme mwenyewe baada ya wiki moja, halafu mwezi, halafu akaacha kuhesabu.

Nikamuuliza, sasa mbona alikubali kugombezwa na wewe kwa kosa ambalo si lake. Akanijibu kwamba hasira yako kwake anaiweza, yeye ni mama yako, utampigia tu hata kama ni kumsalimu kwa mkato. Lakini akisema ni mimi, mimi na wewe tutanuniana, na yeye akishaondoka duniani hatabaki mtu wa kutupatanisha. Akasema alipima akaona ni afadhali mtoto mmoja amkasirikie yeye kuliko watoto wawili wasisemezane. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaniomba nimsaidie kuinuka.

Hakunituma nikuandikie. Alisema yaliyopita tuyaache yalale. Ni mimi niliyekataa. Sitaki afike kwako akiwa bado mkosaji.

Kwa hiyo nakuomba radhi, dada, kwa kila simu fupi uliyompigia kwa sababu yangu. Ukimaliza kusoma, nipigie mimi kwanza. Nigombeze hadi sauti ikukauke. Sitajitetea, na kigugumizi changu kitakusaidia. Halafu nigombeze tena kesho, na keshokutwa, ila usiache kunipigia. Hilo ndilo pekee mama alilokuwa analiogopa. Kisha mpigie yeye, mwongee ya kwenu, na mimi nitatoka nje ya nyumba nisisikie.

Nisalimie shemeji sana, na wapwa zangu waambie mjomba anawaletea chumba chenye magurudumu, wataruhusiwa kulala humo kwa zamu. Mama anakusalimu. Ameshafunga mzigo wake, kisha akaufungua kuongeza khanga yako ile ya zamani uliyoiacha, kisha akaufunga upya.

Kitanda kinaingia wiki hii, nasi tutafika Jumamosi ya wiki ijayo mchana, Mungu akipenda. Mlango wa gari uko ubavuni. Atakayeshuka kwanza ni mama, mpokee kwa mikono miwili. Mimi nitabaki ndani mpaka uniite.

Ni mimi mdogo wako,

Sindano